Nyota Juu ya Herufi

Nimeileta imefungwa kwa taulo ya jikoni,
basi la alfajiri kutoka Ansina, magotini kama mkate wa moto,
na kikapu cha mayai pembeni kwa ajili ya malipo.

Fundi Wilmar Techera hutengeneza saa na makufuli,
na silaha pia, ukimwomba taratibu.
Aliweka kando kibuyu chake cha chai chungu,
akabana lensi jichoni. "Ina risasi?"
"Haijaonja risasi tangu bibi yangu avunje ungo."

Nikamweleza, kama tunavyoeleza wote kwetu:
Nepomuceno Sosa, mimi kilembwe chake,
alipigana Vita vya Mikuki, mwaka wa sabini,
akamkuta afisa anakata roho ukingoni mwa mto,
akaipokea mkononi mwake ingali na joto.
Afisa huyo kila msiba hupanda cheo.
Nilipokuwa mdogo alikuwa luteni.
Tulipomzika shangazi Hortensia alikuwa jenerali,
na farasi wake mweupe ameshapata jina.

Techera hakucheka. Alidondosha mafuta, akaacha kutu inywe.
"Ya pini hii. Kila risasi ilikuwa na kijipini ubavuni,
ndiyo maana silinda imekatwa pengo sita.
Kifyatulio kinakunjwa kama wembe wa kinyozi.
Ubelgiji, mji wa Liège. Bei ya chini.
Zilishushwa bandarini kwa makreti, kama sabuni."

Akanipa lensi. Silinda ikawa ukuta,
ukutani yai, ndani ya yai herufi tatu na nyota.
"Yai hili halina taji. Taji lilikuja tisini na tatu.
Sasa huku, herufi moja, ya mkaguzi. Juu yake?"
"Nyota."
"Zamani pangekuwa na taji. Nyota ilianza sabini na saba."

Taji ambalo bado halijaja hapa,
taji ambalo limeshaondoka pale:
nilihitaji muda kuhesabu.
Mikuki iliwekwa chini sabini na mbili.
Afisa wetu akainuka ukingoni mwa mto,
akajikung'uta mchanga, akampanda farasi mwenye jina,
akaenda zake bila kuaga.

Kisha kitako.
Techera alikigeuzia dirisha,
akanishika kidole, akakipitisha juu ya chuma:
vishimo, vishimo, vyote upande mmoja,
vingine vimepinda kama kucha.
"Mifereji ya mtutu bado mikali. Haukufanya kazi.
Hapa ndipo palipofanya kazi."
Akafungua ubao wa mpini. Skrubu ya chini ilipotea zamani;
mahali pake waya wa uzio, umesokotwa mara tatu
na mtu aliyejua kusokota.

Miaka ile ndiyo nyika ilipozungushiwa nyaya.
Na sisi ndio tunaotema mate kwenye kila lango,
watu wa farasi, watu tusiojua mpaka,
kumbe tulilipwa kwa nguzo.
Nepomuceno, jua la utosi, msumari mdomoni.
Nyundo imesahaulika nyumbani,
au haikuwahi kununuliwa.

Aliniandikia karatasi: Liège, kati ya 1877 na 1893.
Kitako kimechoka.
Akahesabu mayai, akanirudishia moja lenye ufa.

Mjomba Olegario alipiga simu nikiwa kituoni.
"Imesemaje?"
"Ya zamani," nikasema. "Zamani kweli."
"Si nilikwambia!" Na nikamsikia akimgeukia mtu sebuleni,
akianza upya, tangu mtoni,
na safari hii afisa ana upanga wa fedha.

Basi likaondoka. Nguzo zikaanza kupita dirishani,
moja, moja, moja.
Niliishika chini ya taulo, kwa mtutu,
kitako kikitazama mbele,
jinsi ilivyozoea.